Kupiga video ya BMX ya flatilandi Nairobi: ujue mtindo kabla hujawasha kamera

Jumapili moja asubuhi, kwenye uwanja wa mpira wa kikapu huku kwetu Eastlands, rafiki yangu alitoa mfululizo wa mbinu aliokuwa ameuhangaikia miezi mitano. Aliingia kwa gurudumu la mbele, akaigeuza baiskeli, akahamia gurudumu la nyuma, akazunguka mara nne, kisha akatoka ameketi kitini bila mguu kugusa saruji. Mwenye kamera nilikuwa mimi. Nilikuwa nimemvuta karibu kwa sababu nilitaka uso wake uonekane. Tulipoitazama video, uso upo, jasho lipo, ila miguu na vyuma vya kusimamia vya gurudumu la mbele vimebaki nje ya picha. Mtu asiyekuwepo asingejua alichofanya. Alijaribu tena mpaka jioni, na mfululizo ule haukutoka hadi wiki tatu baadaye.

Kosa lilikuwa langu. Kamera nilikuwa naijua. Nilichokuwa nakitazama sikukijua. Mwongozo huu ni wa mtu mwenye simu ya kawaida na rafiki mwenye baiskeli, anayetaka video ambayo mchezaji mwenzake akiiona, awe Mombasa au Tokyo, ataelewa kila kitu kilichotendeka.

Kwa asiyeufahamu mchezo wenyewe: flatilandi ni tawi la BMX linalochezwa kwenye sakafu tupu, bila rampu, bila ngazi, bila reli. Baiskeli ni ya magurudumu ya inchi 20, fremu fupi, na kwenye ekseli kuna vyuma vya mviringo vinavyoitwa pegi, ambavyo mchezaji husimama juu yake. Wachezaji wengi hufunga habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya aina ya frikosta, ambayo huliacha gurudumu la nyuma lirudi kinyumenyume bila pedali kuzunguka. BMX iliyochezwa Olimpiki ya Tokyo ni ile ya rampu na ile ya mbio. Flatilandi haimo, na labda ndiyo maana wengi wetu tumejifunza kwa kutazama video tu. Video mbaya inamnyima mtu mwalimu.

Hatua ya kwanza: tazama gurudumu lililo chini

Kabla ya kutoa simu mfukoni, kaa pembeni umtazame mchezaji kwa dakika kumi. Jiulize ni gurudumu gani liko chini, na ni nini kinachomsukuma. Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yatakayokuambia usimame wapi.

Mtindo wa kwanza ni wa kusimama pale pale. Ndio mkongwe kuliko yote, wa enzi za waanzilishi kama Bob Haro na wenzake kule California mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Mchezaji hufunga breki, baiskeli ikasimama kwa gurudumu moja, naye akafanya mizani juu yake kama mtu aliyepanda nguzo. Dekedi ni ya ukoo huu: gurudumu la nyuma linabaki chini, mchezaji anaruka kulizunguka bomba la usukani na kutua tena kwenye baiskeli. Mtindo huu unavumilia kamera. Unaweza kusogea karibu, ukainama hadi simu iwe usawa wa habu, ukamzunguka polepole. Kwa kuwa baiskeli haiendi popote, mwendo wako ndio unaoipa video uhai.

Wa pili ni wa kusugua. Mchezaji huweka soli ya kiatu juu ya tairi na kulisukuma au kulizuia kwa mguu, hatua ndogo ndogo, na baiskeli inasogea kidogo kidogo. Hapa kuna jambo ambalo wapiga video wengi hulisahau: sauti. Ule mkwaruzo wa raba juu ya raba ndio mapigo ya mtindo wenyewe. Simama upande wa mguu unaosugua, uwe karibu kiasi cha kuusikia. Kama matatu zinapiga honi nje ya ukuta, weka simu ya pili chini, mahali salama, irekodi sauti peke yake. Piga kofi moja mbele ya simu zote mbili kabla ya kuanza, na hilo kofi ndilo litakalokusaidia kuoanisha sauti na picha baadaye.

Wa tatu ni wa kuviringika, na hapa ndipo flatilandi ilipobadilika kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Kevin Jones wa mji wa York, Pennsylvania, pamoja na wenzake, walianza kuunganisha mbinu baiskeli ikiwa inatembea, badala ya kusimama kati ya moja na nyingine. Walijirekodi wenyewe kwa kamera za nyumbani, kanda zikasambaa, na vijana wa nchi nyingine wakajifunza kwa kuzirudisha nyuma na kuzitazama tena. Katika miaka ya 1990 wengi waling'oa breki kabisa. Mfano rahisi ni hangi-faivu: mguu mmoja kwenye pegi ya mbele, mwingine unaning'inia, mikono kwenye usukani, gurudumu la nyuma liko juu na la mbele linaviringika lenyewe. Stimurola ni ngumu zaidi: unasimama kwenye pegi ya mbele, umeishika baiskeli kwa kiti, na sehemu yake ya nyuma inaelea mbele yako kama toroli.

Anayeviringika karibu kila mara huchora duara, na duara lina upande wa ndani na wa nje. Mchezaji akizunguka kinyume cha mshale wa saa, aliyesimama katikati ya duara ataona ubavu wake wa kushoto tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo muulize: mguu wako wa kazi ni upi? Kama ni wa kushoto, simama ndani ya duara, ujigeuze naye, na umbali kati yenu hautabadilika sana. Kama ni wa kulia, toka nje ya duara, urudi nyuma mita sita hivi, uache aje na aondoke. Ukisimama upande usiofaa utarekodi mgongo na kiti.

Wa nne ni wa kuzunguka kama pia, ile wanayoichezea watoto. Mchezaji anaingia na kasi, anainua gurudumu moja, anaivuta baiskeli mwilini, na duara linakuwa dogo mpaka anazunguka karibu sehemu moja. Megaspini na taimu-mashini ni za ukoo huu. Kamera hapa isitikisike hata kidogo. Jicho linauona mzunguko kwa kuulinganisha na kitu kilichotulia nyuma yake, yaani nguzo ya goli, mstari wa ukuta, mlango. Ukitembea kuelekea anakozunguka, kwenye picha ataonekana amepunguza mwendo. Ukienda kinyume chake, utamwongezea kasi ambayo hana. Yote mawili ni uongo. Chomeka simu kwenye stendi ya miguu mitatu na uondoe mikono.

Wa tano ni wa kubembea, na mimi naupenda kuliko yote. Mchezaji hagusi tairi wala ardhi. Anajisukuma kwa kuuyumbisha mwili na baiskeli pamoja, kama mtoto anavyojiongezea kasi kwenye bembea bila kusukumwa. Nguvu inatoka mabegani na nyongani, kwa hiyo ukipiga picha ya magurudumu tu, baiskeli itaonekana inatembea kwa miujiza. Weka kamera usawa wa kiuno, pembeni kidogo ya mbele yake, na uhakikishe kichwa na tairi vyote vimo.

Wapo pia wanaorukaruka, wanaoachia usukani na kuuvuka kwa miguu, au kuizungusha fremu chini yao na kuidaka. Waachie nafasi juu ya kichwa na pembeni, basi. Na mchezaji mzuri huchanganya mitindo mitatu katika mfululizo mmoja. Hapo simama kwa ajili ya ile sehemu iliyo ngumu zaidi kwake, hata kama sehemu rahisi itaonekana vibaya kidogo. Tazama video za Matthias Dandois wa Ufaransa na Viki Gómez wa Hispania huku umezima sauti, ukijiuliza kila mara kamera iko wapi na kwa nini.

Hatua ya pili: mwambie autembee kwa miguu

Mwombe mchezaji aupite mfululizo wake bila baiskeli: naingilia hapa, nageukia hapa, natokea kule. Weka alama ya chaki mahali pa kuingilia na pa kutokea. Kwenye uwanja wa kikapu mistari imekwisha chorwa, na huo ni msaada mkubwa. Mnakubaliana tu kwamba anatokea kwenye mstari wa faulo. Kazi hii ya dakika mbili imeniokolea video nyingi kuliko kifaa chochote nilichonunua.

Hatua ya tatu: tafuta sakafu, kisha tafuta mwenye sakafu

Gurudumu la inchi 20 lililojazwa upepo mpaka likawa gumu kama jiwe linasikia kila kitu. Kokoto moja ya ukubwa wa punje ya hindi inatosha kumwangusha mtu. Ndiyo maana kabro, yale matofali ya saruji ya kupangwa, ambayo imejaa kwenye njia na maegesho ya jiji letu, haifai, kwa sababu kila kiungo kinatikisa baiskeli na mizani inakatika. Terazo inang'aa na kupendeza kwenye video, lakini ikipata unyevu inateleza kama sabuni. Sakafu bora ni saruji iliyosawazishwa vizuri: viwanja vya kikapu vya mitaa na shule, na maegesho ya makanisa na majengo ya ofisi siku ambazo hayana magari. Beba fagio. Miezi ya Januari na Februari vumbi jekundu linafunika kila kitu, na utafagia mara mbili kwa asubuhi moja.

Halafu kuna mlinzi. Usianze kurekodi ukisubiri kufukuzwa. Nenda getini kwanza, mikono mitupu, simu mfukoni.

“Umeamkaje, mzee?”

“Salama, kijana wangu. Hiyo baiskeli ndogo ni ya nini?”

“Tunaomba sakafu yenu hadi saa mbili, mzee, kabla watu wa ibada hawajafika. Tutafagia wenyewe. Hiki kitambulisho changu, niandike kwenye kitabu.”

Mara nyingi hiyo inatosha, na mlinzi huyo huyo atakuwa wa kwanza kupiga makofi. Akikataa, mshukuru uondoke. Kesho atakuwa zamu mwingine, na wewe utakuwa na jina zuri. Ukitaka kuingia katikati ya jiji na kamera kubwa, taa na kundi la watu, hiyo tayari ni kazi ya filamu. Inahitaji leseni kutoka KFCB, bodi inayoainisha filamu nchini, pamoja na ruhusa ya mwenye mahali. Shughulikia hayo mapema.

Na jambo la usalama: awepo mtu wa tatu ambaye kazi yake ni kuangalia mabegi na simu iliyo kwenye stendi. Asiwe anatazama mchezo.

Hatua ya nne: panga na jua

Nairobi iko karibu sana na ikweta, kwa hiyo mwaka mzima jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili na nusu, likisogea dakika chache tu. Adhuhuri linakaa juu ya utosi, hasa mwezi Machi na mwezi Septemba. Saa hizo kivuli cha mchezaji kinajikunja chini ya baiskeli, macho yake yanakuwa mashimo meusi, na pegi hazionekani. Piga asubuhi kuanzia saa moja hadi saa tatu, au jioni kuanzia saa kumi na nusu. Ukichagua jioni, usizembee, maana giza letu huingia haraka. Kutoka mwanga mzuri hadi huwezi kuona tairi ni kama nusu saa.

Kivuli kirefu cha saa kumi na mbili ni zawadi kwa flatilandi. Kinakuonyesha mchezaji mara ya pili, chini sakafuni, na mzunguko unaonekana mara mbili. Simama jua likiwa ubavuni mwako ili kivuli kianguke kukatiza picha. Kuanzia Juni hadi Agosti, mawingu ya baridi yakitanda siku nzima, huna kivuli, lakini una mwanga laini ambao hata saa sita mchana hauchomi. Miezi hiyo ndiyo nimepata video zangu safi zaidi.

Hatua ya tano: rekebisha simu

Futa kioo cha lenzi kwa kitambaa safi. Naandika hili kwanza kwa sababu ndilo linalosahaulika zaidi.

Bonyeza na ushikilie kidole juu ya mchezaji hadi simu ifunge umakini na mwanga. Usipofanya hivyo, saruji nyeupe itaidanganya simu kwamba kuna mwanga mwingi mno, na mchezaji mwenye ngozi nyeusi kama yetu atageuka kivuli kisicho na sura. Pandisha mwanga kidogo mpaka umwone uso. Sakafu ikiwa nyeupe kupita kiasi, iache iwe hivyo.

Ubora wa 1080 unatosha kabisa na hauli nafasi. Chagua picha 50 kwa sekunde kama simu yako inaruhusu, na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha hupokea mwanga, iwe sekunde 1 kwa 100. Kuna sababu ya kuchagua namba hizo: stima ya Kenya ni ya hezi 50, na ukipiga usiku chini ya taa za uwanja kwa picha 30 au 60, ambazo simu nyingi huja nazo, video inaweza kumemeta kama redio inayokatika. Simu ikikataa 50, weka shata 1 kwa 100 hivyo hivyo na utaona imetulia. Shata hiyo pia huacha spoku zififie kidogo zinapozunguka, kama jicho linavyoziona. Ukiiongeza sana mchana, spoku zinaganda na kuonekana zinarukaruka.

Lenzi ya jicho la samaki, au ile pana kabisa ya simu, iache. Inapendeza kwenye ngazi na rampu, ambako mpiga video yuko karibu sana na mchezaji. Kwenye flatilandi itakulazimisha usogee nusu mita kutoka kwa mtu anayezungusha chuma, au itamfanya mdogo kama sisimizi na kulipinda duara lake. Tumia lenzi ya kawaida ukiwa umbali wa mita nne hadi tano, na usivute karibu kwa vidole.

Na simu ilazwe au isimamishwe? Kwa mtindo wa pia na ule wa kusimama pale pale, isimamishe, kwa kuwa mwili mrefu juu ya gurudumu moja unaijaza picha vizuri. Kwa anayeviringika, ilaze, maana ukiisimamisha atatoka nje ya picha kabla hujageuka.

Hatua ya sita: rekodi kabla, endelea baada

Washa kamera mchezaji akiwa bado hajapanda. Usiizime mpaka ameshatoka, ameketi na amesogea mita chache mbele. Kutoka ni sehemu ya mbinu. Kwenye mashindano mguu ukigusa chini pointi zinapungua, na mtazamaji anayejua ataangalia mguu huo kwanza. Video iliyokatwa sekunde moja mapema inaacha shaka, na mchezaji hastahili shaka baada ya miezi mitano.

Usiseme neno akiwa anaingia. Hata “twende!” ya kumtia moyo inaweza kumtoa kwenye pumzi yake. Ukimfuata kwa miguu, piga magoti kidogo, tembea kwa kuteleza nyayo, na usiangalie skrini tu: mkono wako wa pili uwe tayari kumkinga, na mwili wako usiwe kwenye njia ya kutokea mliyoweka alama ya chaki.

Atakosea. Mara kumi, mara arobaini. Weka idadi mnayokubaliana, mapumziko kila baada ya majaribio kumi, maji, halafu mnaendelea. Ninapoona anaanza kutupa baiskeli chini kwa hasira, naizima simu na tunazungumza habari nyingine. Majaribio yaliyoshindikana usiyafute siku hiyo. Mara nyingi yeye mwenyewe anaona ndani yake kosa la bega au la mguu ambalo wewe hukuliona.

Hatua ya saba: hariri kidogo sana

Mfululizo mmoja, picha moja, bila mkato. Ukikata katikati, umemwambia mtazamaji kwamba labda zilikuwa siku mbili tofauti. Kama ulikuwa na simu mbili, onyesha mfululizo mzima kutoka pembe ya kwanza, kisha uurudie wote kutoka pembe ya pili.

Mwendo wa polepole uutumie mara moja tu, baada ya mwendo wa kawaida, na kwa ile sehemu ya kubadilisha mikono au miguu. Kwenye mtindo wa pia usiutumie kamwe, maana kasi ndiyo mbinu yenyewe. Muziki uwe chini ya sauti ya tairi. Jina la mji na la mbinu liandike mwanzoni, kwa herufi zisizoziba magurudumu.

Mwonyeshe mchezaji kabla ya mtu mwingine yeyote. Yeye ndiye anayejua kama mkono uligusa mahali pasipofaa, na yeye ndiye mwenye haki ya kusema hii isitoke. Akikubali, mtumie faili kwenye WhatsApp kama hati. Ukiituma kama video ya kawaida inabanwa, na spoku zote zinageuka ukungu. Nakala ghafi ihifadhi kwenye kadi ya kumbukumbu ukiwa umeandika tarehe, uwanja na mtindo, kwa mfano “kubembea, kinyume cha saa, mguu wa kushoto”. Wiki tatu baada ya ile Jumapili, rafiki yangu alipoutoa tena mfululizo wake, nilijua pa kusimama kwa sababu nilikuwa nimeyaandika maneno hayo kwenye kiganja changu.